Nimewatoza wakwe faini kwa kufika siku yao

Leo nimeaibika mbele ya wakwe. Naandika mapema, kabla hamjaipata habari hii kwa mdomo wa mtu mwingine, maana kwenye avenue yetu habari ina miguu mirefu. Nataka angalau iwafikie ikiwa imepangwa.

Kwa wasionijua, mimi ni Papa Solange wa hapa Kalemie, mwenye biro ndogo ya kuchapa barua na kutoa fotokopi katika chumba cha mbele cha nyumba yangu. Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga, nikiwa nimeshapita umri wa kujifunza (hayo ni maneno ya mke wangu). Tena mimi nikitaka kununua kitu, hata kijiko, kwanza nalinganisha.

Jambo lenyewe lilianza na mteja aliyetaka nimchapie kalenda ya ukutani. Nikatafuta mfano ndani ya kompyuta, nikakuta kumbe kuna programu za kalenda, nyingi, na kila moja ina akili yake. Hii inakukumbusha kwa kengele. Ile inalichora juma lako kama shamba lililogawanywa matuta. Nyingine inakuuliza unataka kuona siku moja, mwezi, au mwaka mzima kwa jicho moja. Sikuwahi kujua kwamba siku zinaweza kutazamwa kwa namna nyingi hivyo. Nikashikwa na udadisi, na udadisi ukinishika mimi hauna dawa.

Nikaamua kuchagua moja, lakini kwa utaratibu. Nikaingiza tatu kwenye mashine na kuziita kwa rangi zake: ya Bluu, ya Kijivu na ya Kijani. Nilitaka programu inayofanya kazi bila intaneti, kwa sababu intaneti yangu inatoka kwenye simu na inaisha kama sabuni ya wageni. Umeme ukikatika, isisahau nilichoandika. Kengele yake isikike hadi jikoni. Na kama inawezekana, iseme Kiswahili.

Nikazipima kwa majuma kadhaa. Niliandika matukio ya uongo katika zote tatu ("Kwenda Mpala kununua mtumbwi", na mimi sina haja ya mtumbwi), kisha nikaenda kusimama jikoni nisikie ipi ina sauti. Mama Solange alikuwa anasonga bukari.

"Unangojea nini humu?"

"Nangojea mutumbwi."

Akanisogeza kwa mwiko, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya mbabula, jiko lake la makaa.

Ya Bluu ilikuwa na kengele nzuri, lakini Kiswahili haikukijua. Ya Kijivu ilikuwa hodari wa kuchapa, ila umeme ulipokatika ilirudi haikumbuki lolote (inawafaa wanasiasa, si mimi). Ya Kijani ndiyo iliyonichukua moyo. Ilisema Kiswahili chote, miezi yote, siku zote, hata neno "leo". Mwezi ulipangwa katika safu saba, na juu ya kila safu waliweka herufi moja tu ya jina la siku ili nafasi isijae. Kwa Kiswahili herufi hizo karibu zote ni J. Nikaona imekaa vizuri, kama nakshi ya kitenge. Nikaitangaza mshindi mbele ya mke wangu, ambaye hakuwa ameuliza.

Katika majuma hayohayo binti yangu Solange, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amepata mchumba. Kijana anaitwa Rémy, anafanya kazi Kabimba, kwenye simenti. Familia yake ni wakulima wa Kirungu, kule juu kwenye milima ya Moba, Wakatoliki wa tangu babu. Wakatuma neno: wanataka kuja kujionyesha, ile ziara ya kwanza ambayo bila hiyo hakuna posa wala ndoa. Wakaomba niwape siku.

Nikasema, hii ndiyo kazi ya kwanza ya Kalenda ya Kijani.

Nyumbani tulikubaliana iwe Jumamosi, siku ya posho kama wazee wanavyoiita, ili msemaji wetu awepo. Maana ziara ya namna hiyo ina msemaji. Baba wa binti hasemi. Anakaa, amevaa, anatazama mbele kama picha, na mwingine anasema kwa niaba yake. Msemaji wetu ni jirani, Papa Asukulu, mtu wa Fizi, anayefanya biashara ya samaki na bidhaa za Kigoma. Siku za kazi humwoni, yuko bandarini. Jumamosi ni wetu.

Nikaufungua mwezi. Nikaenda safu ya sita, ambako Jumamosi imekaa tangu nizaliwe. Nikabofya. Tarehe kumi na nane. Nikaandika "Wakwe", nikaweka kengele ilie siku moja kabla, kisha nikashika simu na kuwaandikia watu wa Kirungu: tutawapokea tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi.

Mama Solange alikuwa anasoma juu ya bega langu.

"Weka na jina ya siku."

"Tarehe inatosha."

"Weka tu, Papa Solange. Itakula nini?"

"Mwenye tarehe hana haja ya siku," nikamjibu. (Sentensi hiyo niliipenda sana. Jioni niliirudia.)

Jibu likaja: "Tumeipata. Tutafika." Na mimi ile namba nikaisahau palepale. Si uzembe. Ndiyo faida ya kuwa na mashine, kichwa kinapumzika. Kichwani mwangu nilibaki na neno moja tu, Jumamosi.

Jumatano jioni umeme ukakatika. Hapa kwetu hiyo si habari. Alhamisi ikapita yote bila umeme, mashine imelala, nami sina wasiwasi hata kidogo, kwa kuwa ya Kijani nilishaipima na haisahau.

Tufike leo, Ijumaa.

Mama Solange alikuwa ametoka kwenda sokoni kununua vitu vya kesho. Solange, ambaye leo alikuwa ameomba ruhusa shuleni, alikuwa uani anaosha viti. Namaanisha viti vyote. Meza, makochi, kabati la vyombo, kila kitu kilikuwa nje, kwa sababu sebuleni nilikuwa napaka chokaa. Chokaa nzuri, nyeupe kabisa. Nilivaa kaptula ya zamani na singleti yenye matundu, kichwani nimefunga mfuko wa plastiki, nimesimama juu ya kigoda. Kila nikiinua brashi, nusu inakwenda ukutani na nusu inanirudia mimi.

Nikasikia wimbo. Wimbo wa kanisani, sauti za kina mama, unasogea. Nikajiuliza ni nani anayepokea wageni siku ya Ijumaa. Udadisi ukanishusha kwenye kigoda, ukanipeleka mlangoni.

Walikuwa wengi wa kujaza mtumbwi mkubwa. Kina mama wamevaa kitenge cha namna moja, vichwani vikapu vya viazi na maharagwe ya mlimani. Mbuzi mmoja, amefungwa utepe. Mbele yao mzee mrefu ndani ya koti la suti, ambaye baadaye nilimjua kuwa ni Papa Mathias, baba mkubwa wa Rémy, katekista wa Kirungu na msemaji wao. Pembeni yake mwanamke mfupi mwenye macho makali. Huyo ni Shangazi Yudita. Rémy mwenyewe hakuwepo, maana kijana hatakiwi kwenye mazungumzo hayo. Kwa hiyo katika kundi lile lote hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuniona.

Mzee akanitazama, akatabasamu kwa upole.

"Fundi, kazi njema. Mwenye nyumba iko?"

Hapo mtu mwenye akili husema, "Ndiye mimi." Nami nilifungua mdomo nikiwa na nia hiyohiyo.

"Ametoka kidogo," nikasema. "Ngoja nimuitie."

Maneno yale sijui yalitoka wapi. Sikuyapanga, na mimi hupanga hata kikohozi.

Nikapita ndani hadi uani.

"Wakwe wamefika," nikamwambia Solange.

"Kesho."

"Na miye najua ni kesho. Lakini wako ku mulango."

Akaniangalia toka kwenye ule mfuko wa plastiki hadi miguuni.

"Wamekuona hivi?"

"Hapana. Wameona fundi."

"Fundi gani?"

Nikajionyesha kwa kidole. Solange akakaa chini taratibu, juu ya kiti kilichojaa maji.

Lakini ni mtoto jasiri. Aliinuka, akajifuta, akaenda kuwaingiza wageni kwa njia ya pembeni ili wasikanyage chokaa. Mimi nikajimwagia ndoo mbili, nikavaa suti yangu ya Pasaka, kisha nikafanya jambo ambalo hapa sina budi kuliungama. Nikapita nyuma ya choo, nikaruka mfereji, nikatokea barabarani, na kuingia langoni kwangu nikitembea polepole kama mtu anayetoka kwenye shughuli nzito mjini.

Wageni walikuwa wamekaa uani, kwenye viti vyenye maji. Hakuna aliyelalamika. Watu wa mlimani wana adabu.

"Karibuni wakwe. Mutusamehe, nilikuwa na safari kidogo."

Shangazi Yudita alisimama kunipa mkono. Akauchelewesha. Akainamisha kichwa, akachungulia sikio langu.

"Papa, na weye unasaidiaka fundi?"

Nikagusa sikio. Vidole vikarudi vyeupe.

"Kidogo," nikasema.

"Ni fundi muzuri. Tena munafanana."

Kina mama wakajifunika midomo kwa vitenge. Mabega yao yalikuwa yanacheza. Solange alimkazia macho mbuzi.

Ningenyamaza hapo, mambo yangepona. Aibu ya chokaa ni ndogo, inaoshwa. Lakini msemaji wangu alikuwa bandarini, na mtu aliyeaibika hutafuta sheria ya kuegemea. Mimi nilikuwa nayo. Kwetu wakwe wakichelewa siku ya ziara wanatozwa amande, faini, na wanalipa kabla hawajasalimiwa. Hufanyika kwa utani, lakini hulipwa kweli. Kwa hiyo baba wa binti, aliyetakiwa kuwa picha, akasafisha koo.

"Wakwe zetu, tumefurahi. Lakini kuna neno. Siku tuliyowapa ni kesho. Nyinyi mumefika leo. Mwenye kuchelewa hakushika siku, na mwenye kuwahi vilevile hakushika siku. Kwa hiyo mbele ya salamu, munatupa amande ya jogoo moja na kasiye moja ya sukre." (Yaani kreti ya soda. Nilikuwa mkarimu, wengine hutoza mbuzi.)

Hakucheka mtu. Papa Mathias alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Papa," akasema, "sisi tulishuka mulima mpaka Moba, tukapanda boti mapema kusudi tusichelewe. Tumelala kwa ndugu yetu pale chini. Ile tarehe niliisoma miye mwenyewe, mbele ya familia yote. Na boti ya kurudi ni kesho asubuhi. Kama leo si siku yetu, basi tunarudi na mbuzi wetu, tutaongea kiisha mavuno."

Alisema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Solange alikuja nyuma yangu, akanivuta koti.

"Papa," akasema kwa sauti ya chini, "leo wamefika. Kesho hawapo."

Nilielewa vizuri. Mkwe akirudishwa langoni na mbuzi wake, tena ametozwa faini, hashuki mlima mara ya pili. Binti yangu alikuwa amemngojea kijana huyu bila kelele, na uchumba wote sasa ulikuwa umesimama kwenye ulimi wangu. Neno moja lilihitajika: samahani.

Nikasema, "Ordinatere itatuambia," yaani kompyuta yangu.

Umeme haukuwepo. Hiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya kuokoka. Na palepale, avenue nzima, watoto wakashangilia kwa sauti moja, kama wanavyoshangilia kila mara. Umeme umerudi. Nikaona Mungu yuko upande wangu.

Tukaingia biro. Papa Mathias nikampa kiti. Shangazi akasimama nyuma yake. Wengine wakajaa dirishani. Nikawasha mashine, ambayo ni ya zamani na huamka kama mzee wa baridi yabisi.

"Iko nasali?" Shangazi akauliza.

"Inajipanga."

Ili muda usilale, nikamweleza Papa Mathias jinsi nilivyochagua, ya Bluu, ya Kijivu, ya Kijani, mpaka habari za kusimama jikoni. Nilidhani anavumilia tu. Kumbe anasikiliza kweli. Akauliza, "Na ile ya Kijivu, inaweza kuchapa sikukuu za watakatifu zote mu karatasi moja?" Nikasema inaweza. Akauliza kama inajua Kwaresima inahama kila mwaka. Swali zuri sana, sikuwahi kulipima. Kwa muda kidogo tulisahau kwamba tuna kesi.

Kisha ya Kijani ikafunguka, na ikalia.

Ile kengele ya siku moja kabla, iliyotakiwa kulia jana wakati hakuna umeme, ilikuwa imejiwekea deni, ikalipa lote pamoja. Mkumbuke kwamba niliichagua kwa sababu inasikika jikoni. Mbuzi alikata kamba. Mama mmoja dirishani alifanya ishara ya msalaba. Nikabonyeza huku na huku mpaka ikanyamaza, na katikati ya kioo kukabaki maandishi makubwa.

"Imesema nini?" Shangazi akauliza.

Papa Mathias akasogea, akasoma polepole, kama anavyosoma Injili.

"Leo. Saa ine. Wakwe."

"Imekosea," nikasema. "Umeme ukikatika saa yake inavurugika. Muangalie hapa, Papa. Hii ni safu ya sita. Safu ya sita njo Jumamosi. Tuhesabu pamoja."

Nikaweka kidole kwenye kioo, juu kabisa, kwenye zile herufi, nikahesabu kwa sauti ya mwalimu ili na wa dirishani wasikie. "Jumatatu," kidole juu ya J. "Jumanne," J. "Jumatano," J. Vizuri. "Alhamisi."

Kidole kilikuwa juu ya J.

Nikakitazama. Alhamisi haina J mbele tangu iumbwe. Nikasogea. "Ijumaa," nikasema, kidole juu ya A. Nikasogea tena kwenye safu yangu ya sita, ile ya maisha yangu yote. "Jumamosi," nikasema kwa sauti ambayo hata mbuzi hakuisikia.

Juu yake palikuwa na I. Ni siku moja tu inayoanza na I. Nilikuwa nimeitazama herufi ile majuma yote hayo na kuiona nakshi.

Kalenda ya Kijani, kwa taarifa yenu, inaanza juma na Jumapili. Bluu na Kijivu zinaanza na Jumatatu, kama kalenda zote nilizokulia nazo. Nilikuwa nimepima kengele, kumbukumbu, lugha na karatasi. Wapi juma linaanzia sikupima, kwa sababu sikujua kwamba hilo ni swali.

Papa Mathias ndiye aliyesema kwanza, na alikuwa na huruma.

"Papa, juma inaanzaka na siku ya Bwana. Kule kwetu watoto wa katekisimu wanajua."

"Kwa hiyo leo ni kesho?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Solange. Alikuwa amefika mlangoni na vikapu vyake vya soko, na nyuma yake Papa Asukulu, ambaye watu walikuwa wamemkimbilia bandarini kumwambia kwamba msemaji anatafutwa. Alikuja na beseni la mikebuka, samaki wabichi, na koti amelivaa juu ya fulana ya kazi.

"Ndiyo," nikamjibu mke wangu. "Leo ni kesho."

Aliwasalimu wakwe mmoja mmoja kwa goti, akachukua beseni la samaki mikononi mwa Asukulu, na kina mama wa Kirungu wakamfuata jikoni na viazi vyao bila kuitwa. Hapo nilipumua kwa mara ya kwanza.

Papa Asukulu alipoelezwa kesi, alicheka mpaka akashika ukuta wa sebule (chokaa mbichi, koti likaharibika, samahani jirani). Kisha akakumbuka kazi yake.

"Wakwe, mumusamehe huyu. Baba wa binti kusema, njo kosa lenyewe. Lakini kwa haki, Papa Mathias, juma haianze Jumapili. Ng'ambo, Kigoma, inaanza Jumamosi. Jina lenyewe linasema, mosi. Ya pili njo Jumapili."

"Mungu aliumba mwanga siku ya kwanza," Papa Mathias akasema, "na siku hiyo ni Jumapili."

"Kazi inaanza Jumatatu," nikasema mimi, maana hata aliyeshindwa ana maoni yake.

"Weye nyamaza, uko picha," Asukulu akaniambia.

Tukabishana hivyo hadi harufu ya samaki ikatufikia. Wazee watatu, kila mmoja na mwanzo wake wa juma, na wote tumezeeka bila kugongana. Nikafungua mipangilio ya ya Kijani, na mle ndani, kwenye mstari mdogo, nikakuta swali lenyewe: siku ya kwanza ya juma ni ipi? Majibu yaliyowekwa ya kuchagua yalikuwa matatu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Nikawaita wote wawili waone. Papa Mathias alivaa miwani tena. Mtu fulani, mahali fulani, asiyejua hata kama Kalemie ipo, alikuwa ameshajua kwamba tutagombana. Nilimheshimu mtu huyo. Nilitamani pia angenionya.

Tukala. Salamu zikatolewa kama inavyotakiwa, na safari hii nilikaa, nimevaa, nikatazama mbele. Solange aliitwa, akaulizwa na Asukulu mbele ya wote kama anawajua wageni hawa. Alisema anawajua. Akaulizwa kama tupokee mbuzi wao au tuwarudishie. Alisema tumpokee, na aliposema alinitazama mimi, ili nisije nikaongeza neno. Mbuzi akapokelewa. Vigelegele vikapigwa. Nilidhani yameisha.

Papa Mathias akasimama.

"Imebaki neno moja. Amande."

"Mwenye nyumba njo aliitaja," Shangazi Yudita akadakia. "Alisema asiyeshika siku analipa. Miye nilisikia. Sasa, nani hakushika siku?"

Watu wote wakanitazama. Kwa desturi zetu, sijawahi kusikia baba wa binti akitozwa faini. Nadhani mimi ndiye wa kwanza hapa kwetu.

"Tutalipa," Asukulu akasema kwa ukunjufu wa mtu anayetumia mali ya mwingine. "Jogoo na kasiye ya sukre. Tena baridi."

"Jogoo tunakula leo, kesho tumesahau," Shangazi akasema. "Kule kwetu muntu akikosea siku hatumupige. Tunamupumuzisha." Akanigeukia kwa heshima zote. "Papa, siku ya ndoa inatajwaka na baba wa binti. Ni kazi nzito. Tunakupumuzisha. Siku hiyo tutaitaja sisi."

Nikamgeukia msemaji wangu. Hii ilikuwa heshima ya mwisho iliyobaki mkononi mwangu, na ulimi wa Asukulu ni ulimi ambao umewahi kuwashinda maafisa wa forodha.

"Ni haki," akasema Asukulu.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Solange akasema kutoka mlango wa jikoni, "Tumekubali." Vigelegele vya safari hii vilikuwa virefu kuliko vile vya mbuzi.

Wameondoka jioni hii, wameshiba, wamefurahi, na ninawapenda kweli. Papa Mathias nimempa ya Kijivu kwenye ufunguo wa USB, aende akajaribu habari ya Kwaresima. Na uchumba umesimama, ndugu zangu, hilo ndilo kubwa, mengine mnaweza kuyacheka taratibu.

Siku ya ndoa nayo imeshapatikana. Shangazi Yudita alimnong'oneza Mama Solange langoni wakati wa kuagana, wote wawili wakacheka. Nimemuuliza mke wangu. Nimemuuliza Solange. Nimemuuliza hata Asukulu, ambaye sijui aliijulia wapi. Jibu ni moja: nisijisumbue kuiandika popote, siku hiyo nitaona watu wamevaa.